Mgawanyo wa Nafasi katika Pikseli: Historia ya Usanifu wa Skrini za Fuwele Kimiminika, 1968–2012

1.0 Utangulizi

Historia ya skrini za fuwele kimiminika imezoeleka kusimuliwa kama historia ya kemia. Masimulizi huanzia Prague mwaka 1888, ambako mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer aligundua kwamba kampaundi aliyokuwa akiichunguza ilikuwa na viwango viwili vya kuyeyuka. Katika nyuzi 145.5 za selisiasi iligeuka kimiminika chenye ukungu, na katika nyuzi 178.5 ukungu huo ukatoweka. Baada yake hutajwa Otto Lehmann, mwanafizikia wa Kijerumani aliyeipa hali hiyo jina la fuwele kimiminika, na hatimaye George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitengeneza kemikali zilizodumu katika hali hiyo kwenye joto la kawaida la chumbani. Masimulizi haya ni ya kweli, ila hayatoshi. Kemia hueleza kwa nini saa ya mkononi iliweza kuonyesha tarakimu nne. Haielezi kwa nini miaka mingi ilipita kabla ya kioo kilekile kuweza kuonyesha sura ya mtu anayetembea, wala kwa nini sura hiyo iligeuka rangi mtazamaji alipohama kiti.

Insha hii inahoji kwamba jibu la maswali hayo limo ndani ya pikseli, yaani nukta moja ya picha, na hasa katika namna eneo la nukta hiyo lilivyogawanywa. Skrini ya aina hii haitoi mwanga wake yenyewe. Huruhusu au huzuia mwanga wa taa iliyo nyuma yake. Mabamba mawili ya kioo hushikilia kati yao utando wa fuwele kimiminika wenye unene wa mikromita chache, na nje ya kila bamba kuna polaraiza, yaani kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja tu. Volti inapowekwa, molekuli hugeuka, na mwanga hupita au hukwama. Polaraiza ya kwanza hula zaidi ya nusu ya mwanga wote, na kichujio cha rangi hula takribani theluthi mbili za unaobaki. Kiasi kidogo kinachosalia ndicho kinachopaswa kupenya kwenye dirisha la pikseli. Kila chombo kilichoongezwa ndani ya pikseli ili kuiboresha picha kilikuwa cha chuma au cha silikoni, na kila kimoja kilijenga ukuta mbele ya dirisha hilo. Wahenga waliuliza kwa nini kugombea fito na nyumba ni moja. Katika pikseli, ugomvi wa fito ndio uliokuwa ujenzi wenyewe.

2.0 Safu bila mlinzi

Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilitangaza kazi ya George Heilmeier na wenzake, walioonyesha kwamba volti inaweza kukifanya kioo chenye fuwele kimiminika kipoteze uangavu wake. Mbinu yao ilihitaji mkondo wa umeme kupita ndani ya kimiminika, jambo lililofupisha maisha yake. Desemba 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, waliokuwa katika kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, Uswisi, waliwasilisha maombi ya hataza ya muundo tofauti. Katika muundo huo molekuli zimejisokota kwa nyuzi 90 kutoka bamba moja hadi jingine, na volti ndogo tu hutosha kuzisokotoa. James Fergason aliwasilisha wazo hilohilo nchini Marekani mwaka uliofuata, na mzozo wa nani alitangulia ulidumu kwa miaka.

Muundo huo uliwafaa watengenezaji wa saa na vikokotoo, kwa kuwa kila kipande cha tarakimu kilipewa waya wake. Picha ni jambo jingine. Skrini ndogo yenye nukta 100 kwa 100 ingehitaji waya 10,000. Njia ya kuepuka wingi huo ni kupanga waya 100 za mlalo kwenye bamba moja na 100 za wima kwenye bamba la pili, kisha nukta iliyo kwenye makutano ipate volti ya waya zote mbili. Tatizo ni kwamba kila waya wa wima hupita pia katika nukta nyingine 99 ambazo hazikukusudiwa, na fuwele kimiminika, ikiwa nzito kugeuka, huhisi wastani wa volti zote zinazoipitia.

Mwaka 1974 Alt na Pleshko walichapisha hesabu iliyoweka mpaka wa jambo hilo. Kwa skrini yenye safu 4, volti ya nukta iliyowashwa inaweza kuizidi ya iliyozimwa kwa asilimia 73. Kwa safu 100, tofauti hiyo hushuka hadi takribani asilimia 10.6, na kwa safu 240 hubaki asilimia 6.7 tu. Molekuli zilizosokotwa kwa nyuzi 90 hazigeuki ghafla kiasi hicho. Matokeo yake ni picha ya kijivu juu ya kijivu, na kivuli cha nukta nyeusi kinachoteleza juu na chini ya safu nzima. Katika miaka ya 1980 kusokota kwa nyuzi nyingi zaidi, hadi karibu 270, kuliifanya mipindo ya molekuli iwe ya ghafla zaidi, na kompyuta za mkononi za wakati ule zikapata skrini. Hata hivyo, picha ilikuwa nzito, na mshale wa kipanya ulitoweka kila uliposogezwa haraka. Mbinu hii iliahirisha tatizo bila kuligusa. Nukta bado haikuwa na chochote cha kuilinda dhidi ya volti ya jirani.

3.0 Mlango katika kila nukta

Wazo la kuipa kila nukta mlinzi wake lilielezwa wazi na Bernard Lechner na wenzake wa RCA mwaka 1971. Walitambua kwamba nukta ya fuwele kimiminika, ikiwa ni utando usiopitisha umeme kati ya elektrodi mbili, tayari ni kapasita. Ikiwekewa swichi, inaweza kujazwa chaji katika muda mfupi wa zamu yake na kubaki nayo hadi zamu ijayo, huku swichi ikiizuia isisumbuliwe na volti za nukta nyingine. Na kwa kuwa kimiminika huvuja chaji, walipendekeza kapasita ya pili, ya akiba, iwekwe kando yake. Kwa hiyo mipango yote ya pikseli iliyofuata, hadi leo, ina vitu vitatu: swichi, akiba na dirisha.

Aliyekijenga kitu hicho ni T. Peter Brody, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi katika maabara ya Westinghouse huko Pittsburgh. Mwaka 1973 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya skrini ya inchi 6 kwa 6 yenye mistari 20 kwa kila inchi, yaani nukta 14,400, kila moja ikiwa na transista ya utando mwembamba ya kadimiamu selenaidi. Transista hizo zilitengenezwa kwa kuvukiza kemikali ndani ya ombwe na kuupitisha mvuke kwenye matundu ya bamba lililosogezwa hatua kwa hatua, hadi tabaka zote zikakamilika bila kufungua chombo.

Mradi huo haukupata uungwaji mkono wa kudumu, na mwaka 1979 Brody aliondoka Westinghouse. Mwaka 1981 alianzisha kampuni ya Panelvision, iliyouza skrini za aina hiyo kwa muda mfupi kabla ya kununuliwa na Litton mwaka 1985. Ni rahisi kuilaumu Westinghouse kwa kutoona mbali, na Brody mwenyewe hakuacha kuzilaumu kampuni kubwa za Marekani kwa namna zilivyoitelekeza kazi hii. Lakini lawama hiyo huficha udhaifu wa kiufundi uliokuwa dhahiri. Bamba lenye matundu hupanuka kwa joto na hulegea likiwa pana; kadiri skrini inavyokua, ndivyo tundu linavyokosea mahali pake. Usanifu wa pikseli ya Brody ulikuwa sahihi. Mkono uliouchora ndio uliokuwa hauwezi kurefuka.

4.0 Swichi dhaifu iliyofaa

Mkono mwingine ulipatikana Uskoti. Katika Chuo Kikuu cha Dundee, Walter Spear na Peter LeComber walionyesha mwaka 1975 kwamba silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele inaweza kuchanganywa na vitu vingine na kubadilishwa uwezo wake wa kupitisha umeme, jambo ambalo wengi walilidhania haliwezekani. Mwaka 1979, pamoja na Ghaith, walichapisha transista iliyotokana nayo na kueleza kwamba ingeweza kuendesha skrini.

Kwa kipimo cha kawaida cha elektroniki, transista hiyo ilikuwa duni. Elektroni hupita ndani yake kwa wepesi ulio chini ya moja ya elfu ya ule wa silikoni ya fuwele kamili. Hapa ndipo mantiki ya pikseli inapotofautiana na mantiki ya kompyuta. Skrini yenye safu 480 inayochorwa mara 60 kwa sekunde huipa kila safu zamu ya takribani mikrosekunde 35. Muda huo unatosha hata kwa transista nzito kujaza kapasita ndogo kama ile ya nukta moja. Baada ya hapo nukta hukaa karibu milisekunde 17 ikisubiri zamu nyingine, na katika kungoja huko kinachotakiwa si kasi bali kutovuja. Silikoni ya Dundee ilivuja kidogo mno. Aidha, iliweza kutandazwa kwa gesi iliyochochewa kwa umeme, katika joto ambalo kioo cha kawaida hulistahimili, juu ya eneo pana, kisha ikachongwa kwa mwanga na asidi kama viwanda vya saketi vilivyokwisha kuzoea. Bamba la matundu halikuhitajika tena.

Viwanda vya Japani ndivyo vilivyolichukua jambo hili kwa nguvu. Mwaka 1983 Seiko Epson ilikuwa imeonyesha televisheni ya rangi ya mfukoni yenye skrini ya inchi 2, japo kwa aina nyingine ya silikoni iliyohitaji kioo ghali cha kwatzi. Mwaka 1988 Sharp ilionyesha skrini ya rangi ya inchi 14 kwa silikoni isiyo na mpangilio. Kati ya tarehe hizo mbili, na kwa miaka kadhaa baadaye, kulikuwa na kazi ambayo masimulizi ya kawaida huipita haraka: kazi ya kuchora pikseli yenyewe.

Udhaifu wa transista ulilipwa kwa eneo. Kwa kuwa elektroni zilipita polepole, njia yao ililazimika kuwa pana, na upana huo uliongeza sehemu ambayo chuma cha lango la transista kinalalia chuma cha nukta. Malalio hayo ni kapasita isiyotakiwa. Zamu ya safu inapokwisha, volti ya lango huporomoka, na kupitia kapasita hiyo huivuta chini volti ya nukta iliyokwisha kujazwa. Kwa mfano wa hesabu tu, lango likishuka kwa volti 25, na malalio yakiwa sehemu moja kwa ishirini ya jumla ya kapasitansi ya nukta, picha hupoteza volti 1.25 papo hapo. Upungufu ulio sawa kila mahali ungeweza kufidiwa kwa kurekebisha volti ya elektrodi ya bamba la mbele. Ila hauwi sawa. Kapasitansi ya fuwele kimiminika hubadilika molekuli zinapogeuka, kwa hiyo nukta nyeupe na nukta nyeusi hupoteza viwango tofauti. Volti ya pikseli inapaswa kubadili ishara kutoka chanya kwenda hasi katika kila picha, ili kimiminika kisiharibike kwa umeme wa upande mmoja. Mvuto huo ukiivuruga mizani hiyo, picha hupepesa, na mchoro uliokaa muda mrefu huacha kivuli.

Dawa iliyojulikana ni kuikuza kapasita ya akiba, ili mvuto uleule usiwe na athari kubwa. Kapasita hiyo ilikuwa na bamba la chuma. Kwa kila kipande cha uthabiti kilichonunuliwa, kipande cha dirisha kiliuzwa. Baadhi ya wasanifu walifuta waya wa pekee wa akiba na kuilaza kapasita juu ya waya wa lango wa safu ya jirani, ambao ulikuwa tayari unazuia mwanga. Waliokoa dirisha, lakini waya huo ulibeba mzigo zaidi, na ishara ikachelewa kufika upande wa pili wa skrini. Katika skrini ndogo ubadilishanaji huo ulikuwa na faida; katika skrini pana ulianza kudai gharama yake.

Kosa dogo la upangaji lilikuwa na adhabu yake pia. Skrini kubwa ilichorwa kwa vipande, na kipande kimoja kikihama kidogo kuliko kingine, malalio ya lango hubadilika, na jicho huona viraka kwenye kioo kizima. Kwa sababu hiyo wasanifu walibuni maumbo ya transista ambayo, mchoro ukisogea kushoto au kulia, kile kinachopungua upande mmoja huongezeka upande wa pili. Kwenye bamba la mbele kulikuwa na gridi nyeusi ya kuficha mwanga unaovuja kandokando ya elektrodi. Mabamba mawili hayawezi kukutanishwa kwa usahihi kamili, hivyo gridi hiyo ilichorwa nene kuliko ilivyohitajika, na unene huo wa tahadhari ulikula dirisha zaidi ya transista yenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 ilipatikana njia ya kuweka utando mnene wa plastiki angavu juu ya waya, ili elektrodi ya nukta iweze kuzilalia waya hizo bila kusumbuliwa nazo. Ukingo wa dirisha sasa ulichorwa na waya wenyewe. Kwa mtumiaji wa kompyuta ya mkononi, maboresho hayo yasiyo na jina yalimaanisha taa dogo zaidi na betri iliyodumu zaidi.

5.0 Pembe ya mtazamaji

Pikseli iliyokwisha kuwa thabiti na angavu ilibaki na kasoro iliyoizuia isiingie sebuleni. Molekuli zilizosokotwa huinuka zote kwa kuelekea upande mmoja, hivyo anayetazama kutoka upande huo huona kitu tofauti na anayetazama kutoka upande mwingine. Kutoka chini, weusi hugeuka weupe.

Suluhisho moja lilikuwa kuzigeuza molekuli zikiwa zimelala, sambamba na kioo, badala ya kuziinua. Kikundi cha Günter Baur huko Freiburg, Ujerumani, kilikuwa kimelieleza wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Hitachi ya Japani ililifanya bidhaa katikati ya muongo huo. Elektrodi zote mbili ziliwekwa kwenye bamba moja, zikiwa kama meno ya vitana viwili vinavyoingiliana, ili uga wa umeme upite kwa mlalo. Pembe ya kutazama ilipanuka sana. Bei yake ilikuwa ileile ya siku zote: juu ya kila jino molekuli hazikugeuka ipasavyo, na sehemu hiyo ya dirisha ikawa giza. Rangi pia ilielekea umanjano kutoka upande mmoja na ubuluu kutoka mwingine, hadi meno yalipopindwa kwa umbo la mshazari, nusu ya nukta ikaisahihisha nusu nyingine. Hilo halikuhitaji kemikali mpya wala transista mpya. Lilihitaji mstari uliopinda.

Hatua iliyofuata ilitoka Korea Kusini, na kwa hoja ya insha hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mwaka 1998 Seung Hee Lee na wenzake wa Hyundai Electronics walichapisha muundo ambao elektrodi zote mbili ni angavu, moja ikiwa juu ya nyingine, zikitenganishwa na utando mwembamba wa kihami. Uga wa umeme huchomoza kwenye kingo za elektrodi ya juu na kujipinda kama upinde, ukizigeuza hata molekuli zilizo juu ya elektrodi zenyewe. Sehemu iliyokuwa giza ikapata mwanga. Zaidi ya hayo, elektrodi mbili angavu zinazolaliana ni kapasita, na kapasita hiyo inatosha kuwa akiba ya nukta. Tangu Lechner, akiba na dirisha vilikuwa vimegombea eneo moja. Hapa vilikaa mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Uvumbuzi huo ulizaliwa wakati mgumu, Korea Kusini ikiwa katika msukosuko wa kifedha wa 1997 na 1998. Kitengo cha skrini cha Hyundai kilitengwa, na mwaka 2003 kikanunuliwa na BOE ya China. Muundo uliovumbuliwa na kampuni iliyoshindwa kujisimamia ndio uliokuja kuenea katika simu na tabuleti za dunia nzima.

Njia nyingine ilishikwa na Fujitsu, na kufuatiwa na Samsung. Molekuli husimama wima volti inapokosekana, na hivyo kutoa weusi mzito, kisha huinama kuelekea pande nne tofauti ndani ya nukta moja. Fujitsu ilizielekeza kwa matuta madogo juu ya kioo, Samsung kwa mipasuko katika elektrodi. Matuta na mipasuko yote huacha mistari ya giza. Baadaye kila nukta iligawanywa sehemu mbili zenye volti tofauti, ili rangi zisipauke zikitazamwa kwa pembeni, na mgawanyo huo mara nyingi ulidai transista zaidi.

Kwa nini basi njia hii ilishamiri katika televisheni, na ile ya Kikorea katika simu? Vipimo vinajibu. Televisheni ya inchi 55 yenye nukta 1920 kwa 1080 ina pikseli ya upana wa mikromita 634, na kila rangi hupata takribani 211. Simu yenye nukta 326 kwa inchi, kama iPhone 4 ya mwaka 2010, ina pikseli ya mikromita 78, na kila rangi hupata 26. Katika chumba cha kwanza kuna nafasi ya matuta, mipasuko na transista ya ziada. Katika cha pili, waya na swichi tu hukaribia kukijaza.

6.0 Kurudi kwa utando usio wa silikoni tupu

Kubana huko ndiko kuliirudisha transista kwenye meza ya uchunguzi. Mwaka 2004 kikundi cha Hideo Hosono cha Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo kilichapisha transista ya oksidi ya indiamu, galiamu na zinki, isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo elektroni hupita ndani yake kwa wepesi wa takribani mara kumi ya silikoni ya Dundee. Sharp ilianza kuzalisha skrini zake mwaka 2012. Swichi ikawa ndogo, na dirisha likapata eneo ililoachiwa. Na kwa kuwa oksidi hiyo huvuja kidogo kuliko hata silikoni, picha iliyotulia iliweza kushikiliwa kwa muda mrefu bila kuchorwa upya, na umeme ukaokolewa mara ya pili.

Baadhi ya waandishi huichukulia kadimiamu selenaidi ya Brody kama njia iliyokufa. Mtazamo huo unahitaji kurekebishwa. Alichokitafuta Pittsburgh, yaani transista ya kampaundi iliyotandazwa juu ya kioo na kuipita silikoni isiyo na mpangilio kwa wepesi, ndicho kilichopatikana Tokyo miaka 31 baada ya skrini yake ya nukta 14,400. Tofauti ni kwamba oksidi hiyo ilichongwa kwa mwanga na asidi, ndani ya viwanda ambavyo silikoni dhaifu ilikuwa imekwisha kuvijenga.